Sifuri Niliyoiandika Upande wa Kulia

Niliwahi kuandika sifuri moja ambayo hadi leo inanisuta. Mkurugenzi aliniita akataka nimwandalie karatasi isiyozidi ukurasa mmoja: tukibaki na programu za ofisi tunazolipia leseni kila mwaka tutatumia kiasi gani, na tukihamia programu huria, zile ambazo msimbo wake (maandishi ya amri yanayoziunda) upo wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza, tutatumia kiasi gani. Nikachora safu mbili. Kushoto nikajaza leseni, matengenezo na ada za masasisho kwa miaka mitano, nikajumlisha. Kulia, kwenye mstari wa leseni, nikaandika 0. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, akatia sahihi kabla hajakaa.

Sifuri yenyewe haikuwa uongo. Leseni ya programu zile kweli hailipiwi. Uongo ulikuwa kwenye mistari ambayo sikuichora kabisa.

Na Kiswahili kilikuwa kimenionya. Waingereza wana neno moja, free, wanalolitumia kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa, ndiyo maana Richard Stallman, tangu alipotangaza GNU, mradi wake wa programu huria, mwaka 1983, amekuwa akieleza bila kuchoka kwamba anazungumzia uhuru, si bei. Sisi tuna maneno mawili. Huria ni jambo lake, bure ni jambo lake. Tena bure yetu ina makali mawili: kitu cha bure hakilipiwi, lakini aliyehangaika bure ameambulia patupu. Mimi nilimwahidi mkurugenzi bure ya kwanza. Miezi minne baadaye idara ya uhasibu ilikuwa inaishi kwenye ya pili.

Kulikuwa na faili la mishahara. Aliyelitengeneza alikuwa ameshaondoka miaka tisa nyuma, na waliobaki walilirithi kama nyumba ya ukoo: hakuna anayejua nguzo ipi inabeba nini, basi hakuna anayegusa. Ndani ya lahajedwali hilo, yaani faili la majedwali ya hesabu, mlikuwa na makro (amri ndogo zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili) zaidi ya arobaini na kitufe kimoja kikubwa cha kijani kilichoandikwa KOKOTOA. Ukikibonyeza, makato yanatoka, saa za ziada zinajumlishwa, hati za malipo zinajipanga tayari kuchapwa. Kwenye programu mpya faili lilifunguka vizuri kabisa, rangi zote mahali pake, hata kile kijani. Baadhi ya makro zilikataa kuendeshwa, hizo tukaziona mara moja. Zilizokubali ndizo zilizotuumiza. Moja ilikuwa inasoma tarehe kwa kutanguliza mwezi badala ya siku, kwa hiyo saa za ziada za tarehe 4 mwezi wa tatu zikahesabiwa mwezi wa nne. Tarehe zilizovuka 12 hazikuwa na tatizo, jambo lililofanya kosa lionekane kama bahati mbaya ya watu wachache.

Mama wa mishahara, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kile kabla sijaanza kazi, alinipigia simu nishuke. Hakupandisha sauti. "Mwanangu," akasema, "karatasi yako hii ingenigomea ningeelewa. Hainigomei. Inanidanganya."

Nilitumia wiki tatu kusoma makro za mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Hakuacha maelezo hata mstari mmoja. Kulikuwa na kigezo kinachoitwa x2_mpya_SAHIHI, na kingine x2_mpya_SAHIHI_kweli. Kulikuwa na sehemu inayopunguza kiasi fulani kwenye mishahara ya watu wa zamu ya usiku, na hakuna aliyejua kwa nini, mpaka tulipompigia mstaafu mmoja akacheka akasema ni mkopo wa sare uliokwisha zamani.

Kikao cha tathmini kilipofika, wiki zangu tatu ziliandikwa upande wa kulia, kama gharama ya programu huria. Nami nilinyamaza, kwa sababu sifuri yangu ilikuwa imenivua haki ya kusema. Leo ningesema. Zile wiki tatu zilikuwa malipo ya mwisho ya programu ya zamani. Kila makro iliyoongezwa kwa miaka tisa ilikuwa msumari mmoja zaidi kwenye mlango wa kutokea, na hakuna aliyeuhesabu wakati unapigiliwa. Ankara ilikuja siku tuliposukuma mlango, na kwa kuwa programu mpya ndiyo iliyokuwa imesimama karibu, ikakabidhiwa yeye.

Utaniambia fedha ni fedha, mfuko ni mmoja, safu ya kushoto au ya kulia kuna tofauti gani? Kwa mtunza fedha wa mwezi huu, hakuna. Kwa anayeamua cha kununua, ipo kubwa. Ukimbebesha mgeni gharama ya kumwacha mwenyeji, mwenyeji atashinda kila ulinganisho, na kadiri unavyokaa naye ndivyo atakavyoshinda kwa mbali zaidi. Hiyo hesabu haipimi tena ubora wa programu. Inapima urefu wa kifungo.

Mji wa Munich, Ujerumani, ndio shahidi anayeitwa na pande zote mbili kwenye mabishano haya. Mwaka 2003 baraza la mji liliamua kuhama kutoka Windows ya Microsoft kwenda Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatiza mapumziko yake akaenda mwenyewe kuzungumza na meya Christian Ude, na kampuni ikapunguza bei. Haikusaidia. Mradi huo, ulioitwa LiMux, ulikwisha mwaka 2013 ukiwa umehamisha takribani kompyuta 15,000, na mji ukatangaza kwamba umeokoa zaidi ya euro milioni 10. Miaka minne baadaye, mwaka 2017, baraza likapiga kura kurudi Windows. Mashabiki wa upande mmoja wanasimulia mpaka 2013 wanaishia hapo, wa upande wa pili wanaanzia 2017.

Kinachonivutia mimi ni miaka kumi ya katikati. Kwa nini kazi ilichukua muongo mzima? Kusakinisha Linux kwenye kompyuta hakuchukui mchana. Kilichochukua miaka ni maelfu ya violezo vya barua, fomu na makro zilizokuwa zimetapakaa kwenye idara mbalimbali, kila idara na mtindo wake, kiasi kwamba mji ulilazimika kutengeneza programu yake mwenyewe, WollMux, kuvisimamia violezo hivyo. Lilikuwa faili langu la mishahara, ila kwa ukubwa wa mji. Tena lile punguzo la Ballmer linatupa kitu ambacho hakimo kwenye jedwali la yeyote: uwezekano tu wa kuondoka ulishusha bei hata kabla mtu hajaondoka. Wanaonunua programu miliki, zile ambazo msimbo wake hufungiwa na mwenye nazo, leo wanalipa pungufu kwa sababu kuna programu huria ambayo wao wenyewe hawaitumii.

Sasa tuiangalie safu ya kushoto kwa jicho lile lile, maana nayo ina mistari isiyochorwa. Watu hudhani bei ya programu miliki angalau inajulikana: umepewa ankara, umelipa, umemaliza. Laiti. Mwaka 2017 Mahakama Kuu mjini London iliamua kesi ya SAP, wauzaji wa programu za kuendeshea biashara, dhidi ya Diageo, kampuni ya vinywaji. Diageo walikuwa na leseni za SAP na walikuwa wakilipia. Kisha wakajenga mifumo miwili juu ya jukwaa la Salesforce, huduma ya mtandaoni ya kusimamia wateja: mmoja wa mawakala wao wa mauzo na mwingine wa wateja kuagiza vinywaji wenyewe. Mifumo hiyo ilikuwa ikipeleka na kuchukua taarifa kwenye SAP. SAP wakasema: kila anayeagiza kupitia huko anaitumia programu yetu, kwa hiyo anahitaji leseni. Wakadai zaidi ya pauni milioni 54. Jaji akakubali kwamba matumizi yale yalihitaji malipo. Fikiria mwenye baa anayebonyeza kuagiza kreti zake. Hajawahi kuiona SAP, pengine hajawahi kulisikia jina hilo, lakini kwa mujibu wa mkataba ambao hakuusaini, yeye ni mtumiaji. Mwaka uliofuata SAP walibadilisha namna ya kutoza matumizi ya aina hiyo, ila somo lilikuwa limeshawafikia wote wenye mikataba ya jinsi hiyo: neno "mtumiaji" linatafsiriwa na muuza leseni.

Oracle, kampuni nyingine ya programu, walikwenda mbali zaidi na Java, lugha na jukwaa ambalo programu nyingi za maofisini hujengwa juu yake. Kuanzia Januari 2023 usajili wao mpya unahesabu wafanyakazi wote, wa kudumu, wa muda na hata wa wakandarasi wanaohudumia shughuli za ndani, bila kujali nani anaigusa Java na nani hajui ni kitu gani. Bei ya orodha ilianzia dola 15 kwa kichwa kwa mwezi. Kampuni ya watu 500, hata kama Java iko kwenye seva moja tu (kompyuta inayohudumia nyingine) iliyosahaulika chini ya ngazi, inaandikiwa dola 90,000 kwa mwaka. Wengi walitoroka, na njia ya kutorokea ilikuwepo kwa sababu moja: msimbo wa Java upo wazi kwenye mradi wa OpenJDK, na wapo wengine wanaoutengeneza na kuusambaza. Wateja wa VMware, wauzaji wa programu ya kuifanya seva moja ifanye kazi kama nyingi, hawakuwa na mlango wa karibu namna hiyo pale Broadcom walipoinunua kampuni hiyo Novemba 2023 na mwezi uliofuata wakaacha kuuza leseni za kudumu.

Halafu kuna ada ya kuchelewa. Windows XP ilipoachwa kuhudumiwa Aprili 2014, serikali ya Uingereza ililipa takribani pauni milioni 5.5 ili iendelee kupata viraka vya usalama kwa mwaka mmoja tu. Windows 10 nayo ilipofika ukingoni Oktoba 2025, makampuni yaliwekewa bei ya dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka mitatu. Ukikaa mitatu yote umelipa dola 427 kwa kompyuta moja, na hujanunua chochote kipya. Umelipia muda wa kufungasha.

Hapa mpenzi wa programu huria anatabasamu. Asitabasamu sana.

Aprili 2014, mwezi ule ule XP ilipozikwa, dunia iligundua kwamba OpenSSL, maktaba huria ya usimbaji fiche (msimbo unaoficha mawasiliano yasisomwe na wapita njia) inayolinda sehemu kubwa ya tovuti, ina tundu lililopewa jina Heartbleed. Ungeweza kuiuliza seva swali dogo la "upo?", ukaidanganya kuhusu urefu wa jibu unalotaka, nayo ikakumwagia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, pamoja na nywila au funguo za siri zilizokuwa zimepita hapo. Tundu hilo lilikuwa limekaa kwenye matoleo yanayotumika kwa miaka miwili. Msimbo ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma, na kila aliyeutumia aliamini kwamba kuna mwingine anausoma. Ndipo ikajulikana kwamba mradi huo, ambao benki na maduka makubwa ya mtandaoni yaliegemea juu yake, ulikuwa ukipata michango ya takribani dola 2,000 kwa mwaka na ulikuwa na mtu mmoja tu anayeufanyia kazi kwa muda wote.

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, lakini huu ulilambwa miaka na miaka. Watafiti wa Harvard Business School walikadiria mwaka 2024 kwamba kuziandika upya mara moja programu huria zinazotumika sana kungegharimu dola bilioni 4.15, ila kama kila kampuni ingelazimika kujiandikia yake, ingekuwa dola trilioni 8.8. Katikati ya namba hizo mbili kuna watu wanaofanya kazi usiku baada ya kazi ya mchana.

Kisa cha XZ kinaonyesha uchovu huo unavyogeuka kuwa ufa. XZ ni programu ndogo ya kubana mafaili, ipo karibu kwenye kila Linux, na ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitokeza kusaidia. Akasaidia kweli, kwa zaidi ya miaka miwili, huku akaunti nyingine zikimlaumu mtunzaji kwa kuchelewa na kumshinikiza aongeze mikono. Hatimaye Jia Tan akapewa madaraka, na mapema mwaka 2024 akaingiza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima mwendo wa jambo jingine kabisa, akaona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye akafuata uzi mpaka kwenye msimbo, kwa sababu msimbo ulikuwepo wa kufuata.

Usinitafsiri vibaya kwamba mlango uliofungwa ungekuwa salama. Mwaka 2020 wavamizi waliingiza msimbo wao ndani ya masasisho rasmi ya SolarWinds Orion, programu miliki ya kusimamia mitandao, na wateja wapatao 18,000 wakapelekewa wakiwa na mikataba yao ya huduma mkononi. Ninachosema ni kwamba usalama unagharimu mishahara. Kwenye programu miliki mishahara hiyo imo ndani ya bei, au unatumaini imo. Kwenye programu huria haimo popote mpaka wewe uiweke.

Hata uhuru wenyewe hauji na dhamana ya miaka. Waliojenga seva zao juu ya CentOS 8, toleo la Linux lisilolipiwa, walihesabu kuhudumiwa hadi 2029. Desemba 2020 Red Hat, kampuni iliyokuwa ikilisimamia, wakatangaza kwamba itakoma mwisho wa 2021. HashiCorp walibadili leseni ya Terraform, programu yao ya kupanga miundombinu ya seva, mwaka 2023 ikawa si huria tena, Redis, wa hifadhidata, wakafuata 2024. Tofauti ni kilichotokea baadaye, kwa kuwa msimbo uliokwisha kutolewa ulibaki wazi kwa wengine kuuendeleza: CentOS iliachwa, zikazaliwa AlmaLinux na Rocky Linux, Terraform ikazaa OpenTofu, Redis ikazaa Valkey. Wateja walikereka, walipoteza siku kadhaa za kazi, wakahama na mizigo yao. Hiyo ndiyo thamani ya leseni huria ninayoweza kuitetea mbele ya mhasibu bila kuimba nyimbo za uhuru: inashusha bei ya kutoka. Haiifikishi sifuri.

Na inaweza kupandishwa tena kimyakimya. Chukua hifadhidata huria, ikodi kama huduma kwenye wingu la mtu (seva za kukodi za kampuni nyingine), tumia vipengele vyake vya pekee kwa miaka mitano, kisha jaribu kuondoka na terabaiti zako. Mpaka mwaka 2024, Google ilipoanza na Amazon ikafuata kuondoa ada za kutoa data kwa wateja wanaohama kabisa, hata kubeba kilicho chako kulikuwa na ushuru. Programu ilikuwa huria muda wote huo. Wewe ndiye hukuwa.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, siulizi tena leseni ni kiasi gani kwanza. Naomba nipewe faili moja la kazi halisi, lile baya kuliko yote, si la maonyesho, na siku mbili za kujaribu kulitoa nje ya mfumo unaotaka kununuliwa. Nikitoka na taarifa zikiwa kamili, naandika siku hizo mbili. Nikikwama, naandika makadirio makubwa, nayaweka kwenye mwaka wa kununua, chini ya jina la kinachonunuliwa. Wauzaji hawaipendi kazi hii. Baadhi ya wapenzi wa programu huria pia hawaipendi, kwa sababu upande wao nao naongeza mstari: mshahara wa mtu anayeijua, au mkataba na kampuni inayoihudumia, na mchango kwa wanaoitunza. Ofisi isiyo na fundi na isiyokusudia kuajiri, naiambia inunue, ilipe, ilale. Kuna kazi pia, za usanifu na uhandisi hasa, ambako programu miliki imezidi kwa mbali na kubishana ni kupoteza muda.

Lakini penye fundi, hata mmoja mzuri, na penye matumaini ya kuwepo miaka kumi ijayo, huwa napendekeza huria, na hesabu zangu nyingi zimeniunga mkono tangu nilipoacha kuwabebesha wageni madeni ya wenyeji.

Lile faili la mishahara hatukulihamisha lote. Mishahara yenyewe ilihamia kwenye mfumo mwingine, ila taarifa za miaka ya nyuma za watu wa zamu, zile za mkopo wa sare, zilibaki zinasomeka sawasawa kwenye programu ya zamani tu. Chini ya meza ya uhasibu kuna kompyuta moja isiyounganishwa na mtandao, tunaiwasha kila mkaguzi anapokuja, na leseni yake tunailipia. Mama wa mishahara alistaafu akamwachia aliyemfuata nywila yake kwenye kipande cha karatasi. Kila mwaka wa bajeti, mimi naiandika kompyuta ile upande wa kushoto, na kila mwaka mtu wa fedha anairudisha kulia.